Swali la Buti za Njano

Benchi letu linatazama bembea ambazo hazipo. Halmashauri ilikuja mwezi wa tisa, ikang'oa viti na minyororo, ikasema vinakwenda kutengenezwa, ikatuachia nguzo tupu na utepe wa plastiki unaopiga kelele upepo ukivuma. Fundi hatujamwona mpaka leo. Nasi ni wabishi: kila Ijumaa saa nne asubuhi tunakuja kukaa pale pale, kando ya mto Skerne hapa Darlington, macho mbele, kama vile kuna watoto wa kuangalia wasianguke. Watoto wenyewe ni watu wazima sasa, wanalipa kodi za nyumba. Ijumaa hii ya Novemba ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi, nguzo za bembea unaziona nusu tu, na Bibi Skonzi alikuwa amewahi na flaski yake kubwa ya kahawa, maana hatukuja kupiga soga kama siku zote. Tulikuja kukaa matanga.

Aliyekuwa anakata roho ni Getini. Simaanishi geti la shule. Getini ni jukwaa la wazazi kwenye intaneti, na zamani usingemkuta mama Mwingereza asiyelijua. Meno ya mtoto, mume mvivu, mama mkwe mwenye mdomo, vyote ulivipeleka Getini na ndani ya dakika tano una majibu thelathini. Sasa wenye jukwaa walikuwa wametangaza kwamba saa sita kamili mchana wanazima mitambo na kila kilichoandikwa kinafutwa.

Sisi wanne tulijuana humo kwanza, benchi likafuata, na mpaka leo tunaitana kwa majina ya humo. Bibi Skonzi alikuwa mpishi wa shule, alijiunga mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa. Baba Mapacha ni fundi wa simu mstaafu, mwanamume pekee kati yetu, na hakuna kitu chini ya jua asichokuwa na maelezo yake. Soksi Moja amelea wavulana watatu peke yake, ana moyo mkubwa na ulimi mkubwa zaidi. Mimi ni Chai Baridi. Nilijipa jina hilo kwa sababu tangu nizae sikuwahi kunywa chai ikiwa moto, na nilikuwa maarufu, nisijifanye mnyenyekevu. Nikiandika mzaha asubuhi, mpaka jioni umesambaa.

Sasa kuna jambo wenzangu hawakulijua, nawe lishike vizuri, maana ndilo lililonikalisha pale Ijumaa ile.

Getini kulikuwa na desturi. Ukiwa na jambo zito, unabadili jina. Unavaa jina jipya, unauliza, unajibiwa, kisha unalivua na kurudi kwenye lile la kila siku. Wote tulifanya. Miaka kumi na minne iliyopita nilijiita Buti za Njano, kwa ajili ya mtoto wangu wa miaka sita ambaye alikuwa havui buti zake za mvua hata kitandani. Tulimjua kama mvulana. Naye kila siku alikuwa ananiambia, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake alikoacha funguo: mama, mimi ni msichana. Nikauliza Getini nifanye nini. Wa kwanza kunijibu walikuwa watu wema. Mmoja aliandika: mpende tu, na umsikilize. Halafu wakaja wengine. Halafu mtu akaandika: huyu mama namjua kwa mwandiko wake, ni wa huku huku Darlington. Nikaingiwa na hofu, hofu ya kijinga. Nikarudi kwa jina la Chai Baridi na kumjibu Buti za Njano, yaani kujijibu mwenyewe, maneno makali kuliko ya wote, ili asiwepo wa kunishuku. Niliandika: "Mvue hizo buti mpe mpira, kisha wewe nenda ukapimwe kichwa." Watu mia mbili na kumi waliweka alama ya kicheko. Maneno hayo yakawa kama salamu ya Getini. Mama yeyote aliyekuja na swali la namna ile aliambiwa akapimwe kichwa, na aliyeanzisha ni mimi.

Mtoto alipofika miaka kumi na minane aliikuta ile mada. Alikuja jikoni ameshika simu, wala hakupiga kelele. Akasema, kumbe humu ndani mlikuwa wawili. Kisha akasema, niulize jina langu, mama, nitakwambia. Nami nikafungua bomba na kujaza birika, nikaliwasha, nikasimama nimempa mgongo mpaka maji yakachemka. Nilipogeuka hakuwepo. Ni miaka miwili sasa. Benchini nimewaambia yuko chuo, Bristol, anasoma mambo ya bahari.

Mwezi mmoja baada ya siku ile, mada ya Buti za Njano ilianza kupanda. Getini mazungumzo yakipoa huzama chini ya mengine, na ukitaka yasisahaulike unaandika neno moja tu, "napandisha," yanarudi juu. Kila siku saa tisa na robo, saa ya watoto kutoka shule, mtu aitwaye Mgeni 5583 aliandika: Napandisha. Basi. Hajawahi kuongeza hata nukta. Jina lenyewe ni lile unalopewa na mtambo usipochagua la kwako. Kila siku nililiangalia, na kila siku sikujibu. Niliogopa kwamba si yeye. Niliogopa zaidi kwamba ni yeye. Na siku ile, tangu asubuhi, Mgeni alikuwa ameacha saa yake ya kawaida. Alikuwa anapandisha kila baada ya robo saa.

Bibi Skonzi: Saa ngapi sasa?

Baba Mapacha: Nne na dakika ishirini na tano.

Bibi Skonzi: Mnasubiri utadhani kuna mtu ananyongwa.

Soksi Moja: Na wamemnyonga wenyewe. Siku ile kampuni ya nepi ilipoondoa matangazo, si nilisema hapa hapa? Nilisema imekwisha hii.

Baba Mapacha: Weee, nepi haziui jukwaa. Simu ndizo zimeua. Watu hawataki kusoma, wanataka picha ya mtu anacheza na chungu kichwani.

Bibi Skonzi: Tusidanganyane, jamani. Ni Chumba cha Nyuma.

Alipokitaja tu, Soksi Moja akajivuta shingo ndani ya skafu. Chumba cha Nyuma ndiko kulikokuwa na mabishano kuhusu watu waliobadili jinsia. Kilianza kama kona moja ya Getini, kikaishia kuwa Getini yote. Magazeti yakaandika, wenye jukwaa wakasema wao wanalinda uhuru wa maoni, na akina mama vijana wakahama kimya kimya na vichanga vyao.

Soksi Moja: Tulikuwa na hofu. Mama kuwa na hofu siku hizi ni kosa?

Bibi Skonzi: Sijasema kosa. Lakini mtu anakuja kuuliza mwanangu ana upele makalioni, kabla hajajibiwa anaulizwa msimamo wake. Upele unageuka vita! Na Kijiko je?

Soksi Moja: Kijiko gani?

Bibi Skonzi: Unamjua. Yule muuguzi. Mjukuu wangu alipobanwa kifua, nani aliniambia nipige simu ya gari la wagonjwa sasa hivi, nisisubiri? Kijiko. Siku mlipogundua kwamba alizaliwa mvulana, mlimfanya nini?

Soksi Moja: Mimi sikumwandikia neno.

Bibi Skonzi: Hukumwandikia. Ulipiga makofi.

 Mimi nikajishughulisha na kifuniko cha flaski. 

Baba Mapacha: Swali limepanda! Nne na nusu. Tazameni.

Alitugeuzia simu. Juu kabisa ya orodha: Mtoto wangu na buti za njano. Nifanye nini? Aliyeandika mwisho: Mgeni 5583.

Bibi Skonzi: Mwili umenisisimka.

Baba Mapacha: Usisisimke, mpenzi, ni mashine hiyo. Mtu hawezi kuwa na saa namna hii. Ni kiprogramu kidogo, mtu alikiacha kikiwaka akasahau, kama taa ya choo.

Soksi Moja: Mashine iende kuchagua mada ya buti? Acha hizo. Hao ni wanaharakati, wanatukusanyia ushahidi. Jukwaa likifungwa watatuita mmoja mmoja.

Baba Mapacha: Watuite wapi?

Soksi Moja: Sijui! Mahali!

Bibi Skonzi: Mimi nadhani amekufa.

Baba Mapacha: Nani?

Bibi Skonzi: Buti za Njano mwenyewe. Aliuliza, tukamtukana, hakurudi tena. Hamkumbuki? Hakuandika neno lingine maisha yake. Mtu mzima mwenye mtoto mdogo anauliza nifanye nini, halafu kimya miaka kumi na minne. Amekufa huyo, na bado anasubiri jibu.

Niliangalia nguzo za bembea. Sikuweza kumwangalia usoni.

Soksi Moja: Marehemu anatumia simu ya mtandao gani?

Bibi Skonzi: Cheka tu. Kwani wewe unaandika Getini kwa mkono? Unaandika kwa kitu usichokijua kinavyofanya kazi. Naye pia.

Baba Mapacha: Sikilizeni mimi. Kuna pango Norwe, mlimani, kwenye baridi, wanaweka kompyuta humo. Maneno yetu yote yako humo. Kila mama aliyewahi kulia Getini, machozi yake yako ndani ya mlima. Sasa wana mashine inasoma yote ijifunze kuwa mama. Imesoma meno, imesoma homa, imesoma mama mkwe. Imefika kwenye buti za njano ikakwama. Haielewi. Kila robo saa inarudi kuuliza.

Bibi Skonzi: Haielewi nini?

Baba Mapacha: Kwa nini mama aliuliza nifanye nini, na akina mama wakamjibu vile.

Hakukusudia kutuumiza, maskini. Alikuwa anapiga porojo zake. Lakini Bibi Skonzi akagawa skonzi za jibini ambazo hakuna aliyezitafuna.

Saa nne na dakika arobaini na tano limepanda. Saa tano kamili limepanda. Ukungu ulikuwa umezidi, hata mto tunausikia tu. Ndipo Soksi Moja akaweka kikombe chini.

Soksi Moja: Ni mmoja wetu.

Baba Mapacha: Umeanza.

Soksi Moja: Fikirini. Nani bado anaingia Getini? Watu wangapi nchi nzima? Kila Ijumaa tunakaa hapa tunaongelea mada hii, na kila Ijumaa kuna mtu hapa hasemi kitu.

Akanitazama. Wote wakanitazama.

Mimi: Mimi nasikiliza. Ni kosa?

Soksi Moja: Wewe, Chai Baridi? Kusikiliza? Tangu lini?

Bibi Skonzi: Basi tuweke simu zote hapa. Tuone.

Tukaweka simu zetu nne juu ya mfuniko wa bati la skonzi, skrini zikitazama juu, na mikono yetu tukaiweka magotini kama watoto wanaosubiri kuhesabiwa. Saa tano na dakika kumi na tatu. Kumi na nne. Nilisikia pumzi ya Baba Mapacha puani mwake. Nilijua si mimi, na bado niliogopa kwamba itakuwa mimi, kwamba kuna nusu yangu mahali fulani inaandika bila ruhusa.

Saa tano na robo simu zote nne zikabadilika kwa pamoja. Napandisha.

Bibi Skonzi: Mungu wangu.

Na hapo hapo, kutoka kwenye ukungu, upande wa zile nguzo tupu, tukasikia bembea. Kwii. Kwii. Kwii. Sauti ile ile tuliyoisikia miaka yote, ya mnyororo unaotaka mafuta. Soksi Moja alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniumiza.

Kilichotokea kwenye ukungu kilikuwa kigari cha mtoto, gurudumu moja bovu, na nyuma yake mama kijana mwenye kofia ya sufu.

Mama kijana: Samahani. Bembea ziko wapi?

Baba Mapacha: Dada, nusura utuue!

Mama kijana: Poleni. Nimehamia juzi, ramani inasema kuna bembea.

Bibi Skonzi: Zilikuwepo, mwanangu. Kaa upumzike, kahawa bado ipo kidogo. Huyo nani?

Mama kijana: Huyu ni Mabel. Ana miezi minne. Mimi Shanelle.

Alikaa pembeni, akitikisa kigari kwa mguu, na kwa kuwa tulikuwa na nyuso za watu waliotoka kaburini akauliza kuna nini. Jambo la ajabu: hakuwahi kuisikia Getini. Hata jina. Baba Mapacha akamweleza jukwaa, Soksi Moja akamweleza kampuni ya nepi ilivyolisusa, Bibi Skonzi akamweleza mada ya buti, maneno yaliyojibiwa, na Mgeni anayepandisha. Mlima wa Norwe ukarudi, safari hii ukiwa na mlango wa chuma. Marehemu akarudi. Wanaharakati wakaongezeka na kuwa na ofisi. Saa tano na nusu limepanda. Shanelle alisikiliza yote, akamfunika Mabel vizuri.

Shanelle: Na mtoto anaitwa nani?

Soksi Moja: Mtoto gani?

Shanelle: Si huyo wa buti.

Bibi Skonzi: Ah. Hatujui, mwanangu.

Shanelle: Samahani, mimi nikikutana na mtu mwenye mtoto ndilo swali la kwanza. Nilidhani kuna mtu alimuuliza.

Baba Mapacha alichukua simu yake na kuanza kupekua. Tulimsubiri. Alipandisha miwani, akashusha, akapandisha tena.

Baba Mapacha: Kabla Mgeni hajaanza kuna majibu mia nne na kumi na mbili. Wameuliza anakula nini. Wameuliza baba yake yuko wapi. Kuna mmoja ameuliza buti zilinunuliwa duka gani.

Bibi Skonzi: Na jina?

Baba Mapacha: Hakuna.

Hapo nikayasikia tena yale maneno. Niulize jina langu, mama. Mtoto wangu alikuja jikoni na swali moja, jepesi, ambalo mgeni mwenye kigari kibovu amelitoa bila kufikiri, nami nikawasha birika. Mwaka wa pili huu ananikumbusha kila siku, na leo kila robo saa, na saa sita wanafuta.

Mimi: Ni mimi.

Soksi Moja: Nilijua! Nilisema! Wewe ndiye Mgeni!

Mimi: Mgeni simjui. Mimi ndiye Buti za Njano.

Baba Mapacha: Haiwezekani. Chai Baridi alimjibu Buti za Njano. Mimi mwenyewe niliweka kicheko.

Mimi: Najua uliweka.

Baba Mapacha: Ukapimwe kichwa. Hayo ni maneno yako.

Mimi: Ni yangu. Nilijiandikia mwenyewe ili msinijue.

Bibi Skonzi aliweka mkono mdomoni. Soksi Moja alikuwa bado ameushika mkono wangu, na sasa akawa kama hajui aushike au auache.

Soksi Moja: Lakini kijana wako yuko Bristol.

Mimi: Hayuko Bristol. Sijui alipo. Na si kijana wangu, ni binti yangu, na jina lake silijui. Aliniambia nimuulize, sikumuuliza.

Hata sasa sijui niliwezaje kulisema. Nililia, sitaficha, nikiwa na skonzi mkononi kama mtoto mdogo. Bibi Skonzi akanipa kitambaa. Shanelle alikuwa anaangalia kigari, uso umemwiva, bila shaka akijuta kuzitafuta bembea.

Bibi Skonzi: Sasa unangoja nini? Muulize!

Mimi: Na kama ni mashine?

Bibi Skonzi: Basi utakuwa umeiuliza mashine. Aibu gani tena imebaki?

Saa tano na dakika arobaini na tano limepanda. Napandisha. Nikaandika, kwa jina la Chai Baridi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi: Mimi ni mama. Wote wawili ni mimi. Nilipaswa kukuuliza siku ile jikoni. Unaitwa nani? Nikatuma. Ujumbe wa elfu moja mia moja sitini na tatu.

Baba Mapacha: Jamani.

Soksi Moja: Nini?

Baba Mapacha: Anapandisha kila robo saa. Robo nyingine ni saa sita kamili. Watakuwa wamezima.

 Kama ni mashine ingekuja saa sita, ikute hakuna mtu. Kama ni mtu, na kama anasoma, ilibidi aje kabla. Dakika tano zikapita. Bibi Skonzi akainua flaski kumimina, yakatoka matone mawili na unga wa chini. Dakika tisa. Mabel aliamka, akalia kidogo, akanyamaza. Soksi Moja alikuwa anasoma ujumbe wangu kwenye simu yake, midomo ikicheza, anausoma tena na tena.

Soksi Moja: Nilidhani nina hofu kwa ajili ya watoto.

Mimi: Nami nilidhani hivyo hivyo.

Saa tano na dakika hamsini na nane orodha iliruka. Mada ikapanda juu. Ujumbe: elfu moja mia moja sitini na nne. Na pale panapoandikwa aliyeandika mwisho, miaka miwili palipokuwa na Mgeni 5583, palikuwa na jina jingine. Alikuwa amefanya kama tulivyokuwa tukifanya wote tukiwa na jambo zito. Amebadili jina.

Hettie.

Nikabonyeza nisome alichoandika. Ukurasa ukawa mweupe. Nikabonyeza tena, mweupe. Baba Mapacha akajaribu ya kwake, mweupe, na ya Bibi Skonzi, mweupe, na saa ilikuwa bado haijafika sita, walikuwa wamewahi kuzima kwa dakika moja na nusu.

Baba Mapacha: Sasa, sitaki kukuvunja moyo, lakini hilo jina anaweza kuwa ameliandika mtu yeyote. Huko Norwe, mashine zenyewe...

Soksi Moja: Trevor, nyamaza.

Hajawahi kumwita Baba Mapacha kwa jina lake halisi. Hata mwenyewe alishtuka. Kisha akanigeukia.

Soksi Moja: Liseme, Jocelyn. Ulisikie likitoka.

Nikasimama. Sikulisema kwa sauti ya kawaida. Niliita kuelekea kwenye zile nguzo, kama nilivyokuwa nikiita zamani kila jioni, muda wa kwenda nyumbani ukifika na mtoto hataki kushuka.

"Hettie!"

Ukungu ulikuwa pale pale, na utepe wa halmashauri ulikuwa unapigapiga nguzo. Shanelle akasimama pembeni yangu na kigari chake, akaita naye. Bibi Skonzi akafuata, kisha Soksi Moja. Trevor aliita mwisho, kwa sauti nene ya mtu asiyezoea. Tuliita mpaka koo zikakauka, na kahawa ilikuwa imekwisha.